Mgomba wa Mama Pale Kashojwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki. Nilikuwa bado msichana, najiona mjanja, nikarudi kutoka Mbarara na mche wa mgomba nimeupakata kama mtoto. Bibi yako, mama yangu, hakuwa na hadithi nyingine ila migomba yake ya Burundi, nami nikataka kumfurahisha. Niliupanda nyuma ya nyumba yetu hapa Kashojwa, kambini kwetu wakimbizi huku Uganda, kabla hajarudi kutoka misani.

Alipouona, aliung'oa.

"Weye unataka kunimaliza?" akaniuliza. "Mahindi ni ya msimu, maharagwe ni ya msimu. Mgomba ni wa mtu aliyefika kwake. Wakisikia nimepanda huku, watasema nilihama."

Usimcheke. Kule kwetu jirani alikuwa ameshalichukua shamba la marehemu baba, na mahakama ikampa, ikisema tuliliacha kwa hiari yetu. Hatukuitwa, hatukuulizwa. Tulikata rufaa, nayo ikatupwa bila sisi kusikilizwa. Iliyobaki ilikuwa mahakama ya haki za binadamu, na mama aliogopa kuiharibu kesi kwa mkungu wa ndizi. Miaka yote hiyo ya ukimbizi alikuwa akinunua ndizi sokoni, yeye mke wa mkulima wa ndizi! Roho iliniuma.

Hata hivyo, ule mche hakuutupa. Aliufunga kwa majani mabichi, akauweka kivulini. Tulipokwenda Mbarara kwa wakili aliyekuwa akitusaidia, nikamweleza yote, mama akiwa ameinama kwa aibu. Yule wakili, Mnyankole mpole, hakucheka.

"Mama, wewe panda tu," akasema. "Ndizi haiwezi toa wewe kwa shamba yako. Wewe ulikimbia vita, hukuuza. Na koti ya kwenu, ile mahakama, ilikosa kukusikia. Hiyo ndiyo tutasema."

"Nikikula huku, bado ni yangu kule?"

"Bado ni yako."

Tulirudi, akaupanda kwa mkono wake mwenyewe, huku akiimba.

Hukumu ya ile mahakama ya haki za binadamu ilipotoka tulikuwa tumeshamzika mama, na mgomba wake umezaa na kuacha watoto. Majaji walisema haki yetu ya kusikilizwa ilivunjwa, kesi ianze upya kule kwetu nasi tuwepo. Mpaka leo tunangoja kuitwa. Nakitamani kile kilima chetu, mwanangu, we acha tu. Mvua ikikatika na majani ya migomba yakianza kunukia, huwa nasimama mlangoni bila sababu, na machozi yananitoka.

Basi nisikilize. Haki yako idai, wala usikubali kuhukumiwa na mtu ambaye hakukusikiliza, hata awe na mihuri mingapi. Lakini usijinyime kuishi kwa sababu unaingoja. Panda ulipo, ule, uwalishe wanao. Kula kwako huku hakufuti kwenu kule. Na wakituita mimi nikiwa sipo, nenda wewe ukajibu. Mungu akufikishe siku hiyo ukiwa mzima, wakuulize wewe walichokosa kumwuliza bibi yako.