Jogoo wa Kaka Yangu Alivyokwenda Shule

Wanaomsifu yule mwalimu mkuu wetu, aliyekuja kuwa afisa elimu, husema alipigania mabweni na kuwatetea watoto wa maskini kila alikohamishiwa. Kweli, sikatai. Lakini mimi niliyempikia uji wa shule, katika kijiji chetu cha ujamaa njia ya kwenda Kilambo, namjua kwa kazi nyingine: alikuwa mwizi wa kuku.

Mimi niliishia darasa la pili, na hilo la pili nililisoma na mdogo wangu mgongoni, kwa hiyo nikiruka huku na huku mnivumilie.

Basi, mwalimu alikuwa Myao na sisi Wamakonde, yaani mtani wetu. Mtani akiingia kwako akachukua kitu, hukasiriki. Ukikasirika utachekwa kijiji kizima. Siku tuliyomzika baba, mtani mmoja alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe shati la marehemu. Tukampa. Tena lilikuwa shati zuri. Lakini tuyaache hayo.

Kaka yangu alikuwa na binti darasa la saba. Alipotoka unyagoni, kaka akasema sasa huyu ni mtu mzima, shule basi. Mchumba alikwisha patikana, mwenye duka huko Mikindani, na mtihani ulikuwa umekaribia. Binti akanijia jikoni analia.

"Shangazi, nikiukosa mtihani huu ndiyo basi tena."

Nikamweleza mwalimu. Kesho yake akatokea na jogoo wa kaka yangu kwapani.

"Mama, mtie huyu chunguni. Watoto wamechoka kula mihogo mitupu."

Kaka akaja mbio. "Mtani, jogoo wangu yuko wapi?"

"Yuko shule. Kwako nimekuta yeye tu ndiye aliyeruhusiwa kuja."

Walimu wakaangua kicheko. Kaka naye ikabidi acheke, meno nje, macho mekundu. Baada ya jogoo akafuata bata. Baada ya bata, mbuzi. Na mbuzi yule, Mungu anisamehe, mchuzi wake sijaupata tena.

Kaka akaona alipize, maana utani una pande mbili. Akaingia ofisini mchana kweupe, akajitwika kiti cha mwalimu mkuu, akaondoka anaimba. Akakiweka barazani kwake, akakikalia.

Hapo ndipo alipokosea. Asubuhi mwalimu aliwasili na darasa la saba zima, ubao umebebwa.

"Mtani, umehamisha shule hukuniambia! Mimi nafuata kiti changu tu."

Akafundisha hesabu palepale uwanjani, kando ya korosho zilizoanikwa. Watoto walimaliza maji ya mtungi, wakamaliza na mabibo. Binti alichungulia dirishani, kisha mlangoni, mwisho akakaa mbele kabisa. Siku ya pili hivyohivyo. Wifi yangu akapiga kelele: "Ama shule irudi kwao, ama mimi nirudi kwetu!"

"Mchukue!" kaka akasema. "Mchukue na kiti chako, mlafi wee!"

Mwenye duka alioa kwingine. Siku ya mtihani kaka alimsindikiza binti mwenyewe, akakaa nje ya darasa. Mwalimu akamuuliza kulikoni.

"Namlinda mwanangu," kaka akasema. "Wewe ukikosa kuku utakula hata karatasi za mtihani."