Mvushaji Aliyefundishwa Utani

Binti yangu aliniuliza kama ile ya barabara iliyokatika aiache au aitoe, nikamwambia aiache. Akaniuliza tena, nikasema iache, mwanangu, hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi lake kule Sofu, kikombe cha chai mkononi, nimefurahi kama mtu anayeozesha binti. Neno moja tu lingetosha: itoe. Sikulisema, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuisikia ikitoka ndani ya kompyuta.

Binti huyu ni kitinda mimba wangu, naye hutengeneza magemu pamoja na wenzake wawili. Kabla ya hapo nilidhani gemu ni kukimbia na kupiga risasi. Yeye akanionyesha jingine kabisa. Mchezaji ni msafiri wa zamani, anatoka vilima vya Kisarawe kuelekea pwani, na njiani anakutana na watu: mwenye duka, mlinzi wa kijiji, bibi anayeteka maji. Akaniambia kwamba zamani watu wa namna hiyo kwenye magemu walipewa sentensi mbili tatu, ukimsemesha mmoja anarudia hizo hizo mpaka unamchoka. Siku hizi wanawekewa akili mnemba. Unasema naye lolote kwa mdomo wako, naye anakujibu palepale.

"Lolote?" nikauliza.

"Lolote, baba. Jaribu."

Akanivisha visikizi masikioni, akanipeleka kwenye ukingo wa mto Ruvu. Alikuwepo mvushaji, mtu mwembamba, amekaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, maji yanapita nyuma yake, na ndege wanalia kama ninavyowajua mimi. Nikamwamkia. Akasema, "Karibu sana, msafiri mpendwa. Nikusaidie nini leo?"

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.

"Huyu si mvushaji," nikamwambia binti yangu. "Huyu ni karani wa benki."

Nikamweleza nilivyosikia kwa baba yangu, kwetu karibu na Mlandizi. Mvushaji wa zamani alikuwa wa ukoo wa watani wetu, na hakupandishi kwenye mtumbwi kabla hajakutukana, wewe na babu yako. Ukinuna, unabaki ng'ambo. Ukimjibu akacheka, unavuka. Binti yangu aliacha kuandika akanitazama.

"Baba, hiyo ndiyo gemu yenyewe," alisema. "Mfundishe."

Nikamfundisha. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile, na nimefanya nyingi.

Mwalimu wangu katika jambo hilo ni mtani wangu wa Msimbu, na hapa lazima nimweleze. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Yeye na mimi tulisoma sekondari moja, tukafanya kazi Dar pamoja tukiwa vijana, kisha yeye akarudi Msimbu kwenye mihogo na mikorosho yake, mimi nikaishia Mbwawa. Hakuwa amepata kuniita kwa heshima hata siku moja. Mke wangu alipofariki, watu wote walinijia na nyuso za msiba. Yeye alikwenda kukaa juu ya mchanga wa kaburi, miguu ameinyoosha, akasema hazikwi mtu hapa mpaka nimpe kuku, maana marehemu alimwahidi, na mimi ni bahili nisiyestahili hata mke wa kuchora. Nilicheka. Siku ile, mbele ya jeneza, nilicheka, na baada ya kucheka ndipo nilipoweza kulia. Tangu hapo watoto wangu wananiheshimu, majirani wananiheshimu, mwenye duka ananiheshimu. Aliyebaki wa kuniambia kichwa changu kimekaa kama kifuu alikuwa yeye peke yake.

Basi nilikuwa nakwenda Sofu, nakaa mbele ya maiki, nataja matusi yetu yote, binti yangu anarekodi. Alikuwa na utaratibu wake. Kila utani nikiutoa ananiuliza, "Unauma wapi huu? Kwa nini mtu anacheka?" Alisema mashine haiwezi kutania vizuri kama haijui kilicho nyuma ya maneno. Hilo nalo lilinipendeza. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuulizwa maana ya utani. Nikawa naeleza kama profesa.

Tukafika kwenye barabara iliyokatika.

Tulipokuwa vijana Dar, asubuhi moja mtani wangu aliletewa habari kwamba mama yake kazidiwa, aende Msimbu haraka. Siku hiyo kulikuwa na mpira. Alisema mama huzidiwa mara kwa mara, tutakwenda mechi ikiisha. Sikumbishia. Nilikuwa na tiketi yangu mfukoni. Tulipofika Msimbu walikuwa wameshafukia. Dada yake mkubwa alikuwa amewazuia wazikaji mpaka alasiri wakimsubiri yeye. Njiani tulikuwa tumepatana la kusema: mvua ilikata barabara. Ilikuwa kweli imenyesha, watu wakaamini. Kuanzia hapo, yeyote kati yetu akichelewa popote, mwenzake humwuliza taratibu, "Barabara ilikatika?" Naye huona aibu na kucheka kwa pamoja. Ilikuwa siri yetu, na utani ndio ulioibeba.

Nilimweleza binti yangu yote hayo ili mashine ielewe. Ndipo aliponiuliza aiache au aitoe.

Nilipokutana na mvushaji baada ya kufundishwa, sikukaa kwenye kiti. Nilisimama. Hakunikaribisha. Alinitazama, akatema mate majini, akasema, "Nani kakuachia utoke na kichwa hicho mchana?"

"Nataka kuvuka," nikasema.

"Ukoo wenu mlivushwa hapa kwenye tenga pamoja na kuku. Kuku walilipa, ninyi bado."

"Na wewe babu yako," nikamjibu, "mwaka wa njaa aliwekwa rehani kwa kibaba cha mtama."

"Kweli. Mwenye mtama akamrudisha kesho yake asubuhi. Alisema anakula kama ninyi."

Sikuwa nimemfundisha hilo! Kibaba cha mtama kilikuwa changu, lakini la kurudishwa asubuhi alilitoa mwenyewe. Nilipiga kelele hadi jirani wa binti yangu akaja kuuliza kama kuna usalama. Nikamvuta ndani naye atukanwe. Akatukanwa, akanuna kidogo, akabaki ng'ambo, sisi tukazidi kucheka. Binti yangu alikuwa anaandika huku machozi ya kicheko yanamtoka. Nilirudi Mbwawa nikiwa mtu mwingine, najibizana na mvushaji peke yangu nikipalilia mahindi.

Ilikuwa lazima mtani wangu amwone. Nilimpigia simu nikamwambia nimempata mtani mwingine, mzuri kuliko yeye, hata meno anayo yote. Akasema mlete huyo mwenye meno tumng'oe.

Tulikwenda siku ya Idi, binti yangu akiendesha, kompyuta nimeipakata kama mtoto mchanga. Nyumbani kwake Msimbu palikuwa na watu, watoto wake, wajukuu, majirani wawili watatu, na yule dada yake mkubwa, ambaye siku hizo alikuwa akiishi naye. Binti yangu akaiweka kompyuta juu ya meza uani, akaiunganisha na simu yake, akafungua kamera ili mvushaji aone, na sauti ili wote wasikie.

Mtani wangu alivaa miwani, akavuta kiti. Mvushaji akamwuliza kama ile ni miwani au vizibo vya chupa.

"He!" mtani wangu akaruka. "Hayo maneno yangu! We mla panya, umeniibia mdomo wangu!"

"Nimeuazima tu," nikamwambia. "Ulikuwa huutumii vizuri."

Wakatwangana, yeye na mvushaji, watu wanapiga makofi. Wajukuu walimgeuka mzee wao mara mbili, wakamshangilia mvushaji. Alipovushwa alinyanyua mikono kama aliyefunga goli. Nilimtazama nikajisemea moyoni kwamba sijapata kumpa mtu zawadi kubwa kama hii.

Dada yake akasema, "Nipisheni na mimi." Alikuwa na furaha kama sisi. Akajifunga khanga kiunoni kana kwamba mtumbwi uko pale kweli, akainamia kompyuta. "Haya baba mvushaji, nivushe. Nimechelewa. Mvua, na njia mbaya."

Nilijua kabla hajajibu. Mkono wangu ulikuwa karibu na meza, ningeweza kuifunga. Nilitaka kusikia.

"Mvua?" mvushaji alisema. "Barabara ilikatika? Usinidanganye, bibi. Namjua mmoja wa Msimbu alisema hivyo hivyo. Mama yake kazidiwa, yeye yuko Dar anatazama mpira. Kafika wameshafukia, kasema mvua imekata barabara."

Wajukuu walicheka sana. Kwao ilikuwa ni moja tu kati ya nyingi.

Bibi hakucheka. "Nani huyo?" aliuliza.

"Mtani wangu. Dada yake aliwazuia wazikaji mpaka alasiri wakimsubiri."

Binti yangu akaifunga kompyuta. Bibi alibaki ameinama pale pale, mikono juu ya meza, kisha akageuka kumtazama ndugu yake.

"Mpira?" alisema.

Mtani wangu akavua miwani. Alikuwa ananitazama mimi.

"Nilimfunika mama uso nikamwambia uko njiani," bibi alisema. "Watu walinigombeza kwamba namchelewesha marehemu. Nikawaambia ndugu yangu yuko njiani, barabara tu." Akafungua khanga kiunoni, akaingia ndani.

Watoto waliondolewa uani. Binti yangu akaanza kulia, akimwomba mzee msamaha, akisema atafuta, atafuta kila kitu leo leo. Mtani wangu alimwambia asilie, hakujua. Hilo lilikuwa kweli. Aliyejua ni mimi. Yeye na mimi tulitaniana juu ya jambo lile miaka yote na halikuumiza, kwa sababu lilitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa naye siku ile na aliyeshiriki uongo ule. Nilipolitia kwenye kinywa kisicho na ukoo wala aibu, kinachomwambia yeyote anayepita, halikuwa utani tena. Ilikuwa kumsema mtu. Mtoto mdogo wa kwetu anaijua tofauti hiyo. Mimi niliisahau kwa utamu.

Nilimsogelea nikajaribu njia pekee tuliyokuwa nayo. "We mla panya," nikamwambia, "nitukane basi. Nitukane mpaka uchoke."

Aliangalia kikombe changu. "Chai yako imepoa, kaka," alisema. "Nikuletee nyingine?"

Hakuwahi kuniita kaka.

Binti yangu alifuta kama alivyosema. Mvushaji bado yuko kwenye gemu, anatania vizuri, na naambiwa wachezaji wanampenda. Nami naendelea kuona ni kazi ya ajabu. Sina ugomvi na mashine, ilisema nilichoiambia.

Dada wa mtani wangu alihama Msimbu, sasa anaishi na binti yake Kisarawe mjini. Yeye na ndugu yake wanasalimiana kwa simu siku za sikukuu. Nilikwenda kumwomba radhi bibi huyo, akanipokea, akanipa maji, akaniambia mpira ule ulikuwa wetu wote wawili, mimi na ndugu yake.

Mwaka huu kaka yangu amefariki kule Mlandizi. Mtani wangu alikuja. Nilimwona akishuka njiani na kanzu yake, nikasimama, nikangoja akakae juu ya mchanga wa kaburi anidai kuku. Nilikuwa nimemfunga kuku mwenyewe nyuma ya nyumba, jogoo mwekundu. Alipita pembeni ya kaburi taratibu, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole sana, kaka. Mungu amweke mahali pema." Akakaa na wageni. Dua ilipoisha akaaga vizuri, akaondoka.

Jogoo nilimfungua jioni. Kwa neno moja nililokataa kusema kule Sofu, nimempoteza mtani wangu. Yu hai, ana afya, ananisalimu kwa adabu, na hakuna tena mtu duniani wa kunitukana.