Evodia na Chupa ya Cornelia

"Hivi Mama Loth, mtu anaonewa wivu hata kwa kupona?"

Ndivyo Cornelia alivyomuuliza jirani yake Evodia kisimani, mbele yetu sote, hapa Mpui, mwaka wa tisini na nne. Sisi tulicheka. Evodia alijitwika ndoo ikiwa nusu, akaondoka.

Niwaeleze tangu mwanzo. Evodia ni binti wa mzee Fransisko. Alimaliza darasa la saba, akaolewa na Modesti, mkulima wa mahindi na ulezi, na Mungu akawajalia watoto watano, wa kwanza ndiye Loth. Ni mpole. Ukimuuliza hali atasema "Namshukuru Mungu" hata kama anatetemeka homa. Tumelelewa hivyo huku Ufipa, kumlalamikia mgeni ni aibu.

Lakini kila mwezi, wiki moja kabla ya siku zake, matiti yalimuuma. Yalijaa na kuwa mazito kama ya mzazi. Mtoto wake wa mwisho akimkimbilia, alijikinga kwa mkono kama anayefukuza mbwa. Kanisani tukisema "nimekosa mimi" na kujipiga kifua, yeye aligusa tu nguo. Cornelia naye alikuwa hivyohivyo, na siri hiyo walikuwa nayo wao wawili. Hospitali waliwapima, daktari akasema hakuna uvimbe, ni mambo ya mwezi, wakapewa vidonge vya maumivu.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Mjini Sumbawanga maduka yalifumuka kila kona, na watu binafsi nao wakaruhusiwa kutibu. Mama mmoja, Margareth, aliyewahi kuwa muuguzi wa misheni, akafungua chumba nyuma ya soko. Dawa zake ziliitwa homeopathi, alisema zinatoka Ulaya. Ni vipunje vyeupe vya sukari, vidogo kama ulezi, vilivyolowekwa dawa iliyozimuliwa kwa maji mara nyingi mpaka haionekani. Hakumpa mtu kabla ya kumuuliza maswali, maana alisema watu wawili wenye maumivu mamoja huenda wakahitaji dawa mbili.

Wakapanda lori la mahindi, wakaenda. Evodia akaingia kwanza.

"Linauma zaidi la kushoto au la kulia?"

"Yote tu, mama."

"Ukikasirika yanazidi?"

"Sikasirikagi."

"Nyumbani kuna linalokuliza?"

"Namshukuru Mungu."

"Una wivu?"

"Mama, mimi ni Mkristo!"

Robo saa haikuisha, akatoka na chupa yake. Akaingia Cornelia. Evodia akakaa kwenye benchi. Lori likapiga honi mara moja, likapiga tena. Ndani alimsikia Cornelia analia, baadaye akamsikia anacheka. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na chupa yake ilikuwa kubwa kidogo kuliko ya Evodia.

Miezi miwili baadaye Cornelia alikuwa anajipiga kifua kanisani hadi unasikia. Evodia, bado.

"Mwenzako siku hizi anapiga jembe kama kijana," Modesti akamwambia mkewe. "Wewe dawa yako uliichukua wapi?"

"Si tulikwenda wote?"

"Basi yeye kapewa yenyewe."

Neno hilo lilimkaa. Kapewa yenyewe. Tangu hapo kila alichofanya Cornelia kilimchoma: anavyojitwika kuni, anavyocheka, hata anavyomwita. Siku ile kisimani ndipo ulimi ulipomponyoka, akasema wenzetu wana bahati, wanajuana na wenye dawa. Cornelia akamjibu kwa lile swali.

Masika ilipofika mwezi wa pili, Cornelia alitualika shambani kwake kupiga ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia nyasi ndani zioze. Pombe ya ulezi ilikuwa tayari. Evodia alitumwa nyumbani kwa Cornelia kuchukua kata ya kunywea. Ile chupa ilikuwa juu ya kabati, karibu na sanamu ya Bikira Maria, ina vipunje nusu. Akavimimina mdomoni vyote, akatafuna.

Vilikuwa vitamu. Basi.

Akarudi shambani akangoja nafuu. Tuta la kwanza, maumivu yaleyale. Tuta la pili, yaleyale. La tatu, hofu ikamshika: amekula chupa ya mtu, na kama ni sumu atakufa akiwa mwizi. Akatupa jembe, akamvuta Cornelia pembeni. Mimi nilikuwa kwenye tuta la jirani, nikasikia.

"Dada, nimekula dawa yako. Yote."

"Yote? Lini?"

"Sasa hivi. Nimeiba."

Cornelia akamtazama juu mpaka chini. "Na maziwa?"

"Yanauma vilevile."

"Haya. Na hujafa." Cornelia akaanza kucheka, akashika kiuno. "Mbona mimi nimeacha kuvila tangu mwezi uliopita, mwenzangu? Nilikuwa nasahau."

"Sasa ulipona na nini?"

"Hata sijui. Daktari anasema ile ni sukari, Margareth anasema ni dawa, mimi sijasoma. Ninachojua, yule mama alinisikiliza saa nzima. Nilimwambia jinsi mume wangu Ignasi anavyonipiga akilewa. Nilimwambia habari za mtoto niliyemzika. Hajawahi mtu kuniuliza. Nilirudi mwepesi, na Ignasi nilimwambia akinigusa tena nakwenda kwa padri."

Evodia akaokota jembe lake. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba wivu wa chupa ulimtoka palepale, ukaingia mwingine mkali zaidi: kwamba saa ile nzima ilikuwa wazi kwa wote wawili, na yeye aliifunga kwa mkono wake.

Jumatatu alipanda lori peke yake. Margareth alimkuta mlangoni, akadhani dawa imekwisha, akanyoosha mkono kuchukua chupa nyingine rafuni. Evodia akamzuia.

"Mama, chupa sitaki. Naomba unisikilize na mimi kama ulivyomsikiliza Cornelia."