Waliokimbia Chini ya Mashujaa

Nilirudi Bunia, mji wetu wa Ituri, mwezi uliopita kumaliza matanga ya shangazi yangu. Asubuhi ya kwanza miguu ilinipeleka yenyewe mpaka mtaa wa Bigo, pale palipokuwa na ukumbi wa video. Sasa ni ghala la saruji. Kijana wa mlangoni aliniuliza nataka mifuko mingapi, nikamwambia napita tu. Lakini nilisimama, rafiki yangu, maana pua yangu ilikuwa inatafuta harufu ya mafuta ya moto. Pale mlangoni, upande wa kushoto, shangazi alikuwa anakaanga mandazi.

Nikueleze alikuwa nani kwangu. Wakati wa vita tulikimbia kwa miguu kuelekea Komanda. Shangazi alikuwa na watoto wawili: mwanawe wa kiume aliyekuwa bado ananyonya, na mimi, mtoto wa kaka yake. Baba na mama yangu walikuwa wamekwisha kufa. Tulipofika mtoni, risasi zililia nyuma yetu. Shangazi alimlaza mwanawe kwenye majani akanivusha mimi kwanza, kwa sababu nilikuwa mzito na nilikuwa nalia. Alitaka kumrudia yule mwingine. Watu walikuwa wanasukumana, na jirani yetu mmoja, mwenye godoro kichwani, alimvuta mkono akamwambia twende. Tukaenda. Mimi ndiye niliyefika.

Tuliporudi Bigo, majirani wengi walikuwa wameyaona hayo kwa macho yao, na hakuna aliyeyasema. Kulikuwa na neno moja ambalo wakubwa walilitumia kufunga midomo ya watoto: ya njiani inabaki njiani. Nani alimwacha mzee wake kivulini, nani alinyang'anya nani maji, hayo hayakuulizwa. Bila neno hilo tusingeweza kuchota maji kwenye bomba moja.

Amani yenyewe ilikuwa ya kusikiliza kwa sikio moja. Askari wa kofia za buluu walipita na magari yao meupe, watoto tukawapungia mikono, na nyuma ya mlango wetu palikuwa na furushi lililofungwa tayari: sufuria, chumvi, shuka. Alfajiri nilipepea makaa huku shangazi akikanda unga mpaka mikono yake ikawa myeupe hadi kwenye viwiko. Chai tulikunywa na mandazi yaliyoungua, kwa sababu mazuri yalikuwa ya wateja. Siku ambayo wanawake wa samaki walipanda kutoka Kasenyi, kule ziwani, tulikula vichwa vya samaki na sombe ya majani ya muhogo, na shangazi aliimba.

Hakuwahi kuingia ukumbini. Filamu zote alizijua kwa sauti tu, kupitia ukuta wa mbao. Halafu ikaja ile mpya, ya kundi la mashujaa. Mji mzima uliizungumzia. Mwenye ukumbi aliazima mashine ya kutupa picha ukutani, akatundika shuka jeupe, akaziba madirisha kwa mablanketi. Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Mandazi yaliisha mapema. Yule jirani wa godoro, ambaye sasa alikuwa anachaji simu za watu kando ya ukumbi, alimwita:

"Mama Mandazi, leo unaingia! Kila siku unatulisha, hata picha moja hujaona?"

Shangazi alinawa unga, akanishika mkono, tukakaa mbele.

Mashujaa walikuwa sita. Mmoja alipasua kuta kwa kichwa. Mwanamke mmoja alisimamisha maji kwa kiganja. Mwanzoni walikaa kwenye meza ndefu wakagombana nani awe mkubwa, na ukumbi ukapiga kelele, "Mazungumuzo ya amani hayo! Wapeni mbuzi kwanza!" Tulicheka sana. Kisha adui akashuka kutoka mawinguni, majengo yakaanza kuanguka, na hapo jambo likatokea ambalo nadhani waliotengeneza filamu ile hawakulitazamia. Ukumbi uliacha kuangalia angani. Watu wote waliangalia chini, barabarani, kwa wale wasio na majina waliokuwa wanakimbia.

"Weye wa koti! Acha iyo valizi ya nguo!"

"Banakimbia mu barabara kubwa! Nani aliwafundisha? Ingieni mu majani!"

"Kule hakuna majani, ni mji."

"Basi watakufa."

Dada mmoja kwenye picha alivua viatu virefu akavitupa, na ukumbi ukampigia makofi. "Ule ni mutu wa Ituri!" alisema mama mmoja nyuma yangu, kwa heshima kabisa.

Kisha akatokea mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Akajikwaa. Wote watatu wakaanguka, na kivuli cha jengo kikawafunika.

"Chagua moja!" alipiga kelele mtu.

"Tupa moja, kimbia!"

Na sauti ya jirani yetu ikapanda juu ya nyingine zote: "Muulizeni Mama Mandazi! Yeye ndio mwalimu wa ile somo!"

Nitasema ukweli: kilikuwa kicheko kizuri. Kilitoka tumboni, cha watu waliokuwa hawajacheka hivyo tangu vita. Wengine walipigana mabega. Kuna waliolia kwa kucheka.

Shangazi alisimama. Kivuli cha kichwa chake kilianguka kwenye shuka, na aliposhika mgongo wa benchi akageuka, picha ya moto ikapita usoni mwake. Hakupaza sauti.

"Ni weye ulinivuta mukono," alimwambia jirani. "Nilitaka kurudi. Ukanivuta."

"Mama, kaa! Unatuzibia!"

"Kichwa! Toa kichwa!"

Alikaa. Kwenye shuka yule mwanamke wa kusimamisha maji alishuka, akamwokota mtoto mmoja kwa mkono huu na mwingine kwa mkono ule. Ukumbi mzima ulisimama. Mabenchi yalianguka, akina mama walipiga vigelegele.

Filamu ile ilionyeshwa mpaka mvua zikabadilika, na neno la jirani likawa sehemu yake. Waliotoka mtaa wa Mbunya, wasiomjua shangazi hata kwa sura, walilisubiri pale mahali pake na kulisema pamoja kama itikio la kanisani. Yeye alikuwa nje, anageuza mandazi, analisikia kupitia mbao. Shuleni waliniita Mutoto wa Kuchaguliwa. Wateja nao: "Nichagulie moja nzuri, mama, zingine tupa."

Lakini si hayo yaliyomvunja. Jumapili ile, tukiwa njiani kurudi nyumbani, aliniuliza, "Uliona? Wote wawili aliwaokota."

"Ni filme tu, tantine."

"Najua ni filme. Lakini mutu anaweza kupita."

Kabla ya siku ile alikuwa amekwisha kumzika mwanawe moyoni. Tangu siku ile akaanza kumtafuta. Alishuka Kasenyi na wanawake wa samaki akaangalia wavulana waliokuwa wanavuta mitumbwi. Alitembea njia ya Komanda, akiuliza kila mama mwenye mvulana wa umri ule, huyu ulimzalia wapi? Wengine walimpa maji. Wengine walisema ni mwizi wa watoto, na siku moja alirudi na kitenge kimechanika na mate kwenye nywele. Mandazi nikawa nakaanga mimi.

Jioni hiyo, nilipokuwa namwosha miguu, alisema taratibu, kama mtu anayepima unga upya: "Kama ningejua mutu atapita, ningekuacha weye. Na weye wangekuokota."

"Ndiyo, tantine," nilimwambia, nikaongeza maji ya moto.

Alinipenda, usifikiri vingine. Alinilea mpaka nikaolewa. Na alitafuta mpaka miguu ikakataa.

Ukumbi haupo, ile filamu imesahaulika, na vijana wa Bigo hawajui tena kile kichekesho. Hayo siyalilii. Nalilia sura ya yule mtoto. Hapakuwa na picha yake, mimi nilikuwa mdogo mno kuikumbuka, na aliyeijua vizuri tumemzika.

Kwenye matanga jirani yetu alikuja. Amezeeka. Alisimulia mandazi ya shangazi vizuri, watu wakacheka, na kicheko kilitufaa. Nikamsogelea nikamuuliza kwa sauti ndogo: pale mtoni, yule mtoto alikuwa anafanana na nani?

Alifikiri. Kwa kweli alifikiri, nilimwona anajaribu.

"Mutoto ni mutoto, mama," alisema. "Ku ile njia walikuwa wengi."

Kisha akanyoosha kikombe ili nimwongezee chai, nami nikamwongezea.