Mkwe Juu ya Meza

Kila siku saa nne na dakika kumi asubuhi, yule msichana wa Bungoma alikuwa anatoweka. Kipindi cha Kiingereza alikuwepo. Sayansi alikuwepo pia, kidevu kwenye ngumi, macho hayabanduki. Hesabu ikianza, kidirisha chake kwenye kompyuta yangu kinakuwa cheusi, na hakirudi mpaka saa tano kasorobo.

Mimi nilikuwa nakaa Tuwan, hapa Kitale, na kazi yangu ilikuwa kuzisaidia familia kuanza. Shule yetu ilikuwa ndogo, haina jengo wala kengele. Watoto wa gredi ya saba hadi ya tisa walisomea kwao, walimu walifundishia kwao, wakakutana kwenye skrini. Wengi walikuwa watoto ambao shule za kawaida zilikuwa zimeshindwa nao kwa sababu ya maradhi. Mimi ndiye niliyepeleka tableti, nikamwonyesha mzazi pa kubonyeza, nikazunguka nyumba nzima kutafuta pembe ambayo mtandao unashika, kisha nikarudi Kitale kuwafuatilia wiki tatu za kwanza. Wiki hizo zilikuwa za majaribio. Mtoto asiyehudhuria masomo yote, kamera ikiwa wazi, nafasi yake ilipewa mwingine. Kanuni haikuwa yangu, lakini niliisimamia kana kwamba niliitunga mwenyewe.

Huyu msichana alikuwa na kifafa. Katika shule ya kwanza alianguka hatua moja kutoka kwenye sufuria ya githeri iliyokuwa ikichemka. Katika ya pili wenzake walikimbia wakamwacha peke yake uwanjani, na mwalimu mkuu akamwambia mama yake, kwa upole wote, kwamba pengine nyumbani ni salama zaidi. Baba yake alikuwa amekwisha fariki. Baada yetu hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Kwa sababu ya hali yake aliwekewa sharti moja la ziada: mtu mzima awe chumbani naye kipindi chote, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Mama alitia sahihi mbele yangu, nami nikabandika ukutani karatasi ya maagizo: mlaze kwa ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, hesabu dakika, zikipita tano mpeleke hospitali.

Wiki ya kwanza ilipoisha nikampigia simu.

"Mama, mbona mtoto haingii hesabu?"

"Ni network, mwalimu."

"Network gani hiyo inatoka saa nne na kurudi saa tano kasorobo kila siku? Imeajiriwa?"

Mimi ulimi wangu una makali, nimeambiwa hivyo tangu utotoni, na wala sikuona aibu siku ile. Nilidhani mtoto anaogopa hesabu na mama anamfichia.

Nikamuuliza mwalimu wa hesabu mwenyewe. Alikuwa kijana wa kule Kwanza, mji mdogo karibu na Kitale, mpole, mwalimu bora kuliko wote tuliokuwa nao, na wa hesabu kwa gredi ya saba hatukuwa na mwingine.

"Huyo mtoto wa Bungoma unamwona kweli?"

Alikohoa kwanza. "Atakuja tu, madam. Si umpatie muda kidogo?"

"Muda ndio hana," nikamwambia, nikakata simu. Niliona ni mvivu wa kufuatilia wanafunzi. Kumbe alikuwa anajua kila kitu, na adabu ndiyo iliyomfunga mdomo.

Wiki ya pili nikafunga safari bila kutoa taarifa. Nilitaka kumfumania mtu, ingawa sikujua ni nani. Boma lao liko nje kidogo ya Bungoma, kwenye barabara ya kwenda Chwele, nyumba ya chumba kimoja chenye pazia linalotenga kitanda. Nilifika saa nne na robo. Msichana alikuwa amekaa mezani na daftari lililofunguliwa, kalamu mkononi, hana anachokiandika. Mbele yake tableti ilikuwa imelazwa kifudifudi, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha kufunikia makochi. Mama yake alikuwa amesimama kando kama mtu aliyefunika chungu kisimwagike.

"Mulembe, mwalimu," akanisalimu, lakini mkono wake haukutoka juu ya kitambaa.

Sikuitikia hata salamu. Nilianza kumsomea orodha ya makosa: kamera, mahudhurio, sahihi yake, wiki moja na nusu iliyobaki. Nilikuwa nimepandisha sauti. Msichana akainamisha kichwa. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, halafu akanivuta hadi uani na kuninong'oneza.

"Huyo mwalimu wa hesabu ndiye ameoa msichana wangu mkubwa."

Nikacheka. Ninaliandika hili kwa sababu lilitokea: nilicheka, tena kwa sauti. Yeye hakucheka.

Sisi tuliokulia Tuwan, jirani huyu ametoka huku na yule ametoka kule, mila tulizisikia kwenye harusi tu, tena kati ya sahani na sahani. Mama alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kwao mkwe na mama mkwe hawakai chini ya paa moja. Siku ya mazungumzo ya mahari yeye alishinda jikoni kwa jirani. Kijana huyo akija kumsalimu shemeji yake, husimama langoni na kukohoa, ili mama apate nafasi ya kutokea nyuma. Hawajawahi kushikana mikono. Zipo taratibu za kulegeza jambo hilo, lakini zina wakati wake, na wakati wenyewe haujafika.

"Lakini mama, hayuko hapa. Yuko kwake Kwanza."

"Mwalimu, mimi namuona amekaa kwa meza yangu. Anaona mpaka kitanda yangu." Alijifunga leso upya ingawa haikuwa imelegea. "Wewe ni mtu wa town. Hiyo kitu kwako ni simu tu."

"Basi si ukae nje wakati wa hesabu?"

"Na hii mtoto ikianguka?"

Hapo ikanijia hofu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama huyu alikuwa anachagua kila siku kati ya heshima yake na masomo ya mtoto, na alikuwa amepata njia ya tatu, ya kitambaa cheupe, ambayo ingemfukuzisha mtoto shule bila yeye kujua. Tulitafuta dawa kila upande. Mtandao ulishika kwenye meza ile ya dirishani peke yake. Majirani waliuogopa ugonjwa. Kuzima kamera hakukubaliki. Mwalimu mwingine hatukuwa naye.

Ndipo nikajitia ujanja. Nilisema wakati wa hesabu mama aketi kwenye kigoda nje ya mlango, mlango ubaki wazi kidogo, masikio yawe ndani. Ni hatua mbili tu, nikamwambia. Simu yake ikae mezani kando ya tableti, kwa kuwa intaneti ilitoka humo. Mama akakubali, nadhani kwa sababu mimi ndiye mwalimu. Kwenye fomu, mahali pa mlezi, niliandika "Yupo karibu." Sikuandika kwamba kuna ukuta katikati.

Tangu siku hiyo saa nne na dakika kumi ikawa ugonjwa wangu mimi. Namimina chai inapoa. Nakaa mbele ya kidirisha cha yule mtoto, namtazama akipumua. Akikuna kichwa, naisogelea skrini. Akiinama kuokota kalamu, nasimama. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Alikuwa hodari wa hesabu kumbe, mkono juu kila swali. Nilitakiwa kufurahi, na sikuweza.

Alhamisi ya wiki ya tatu, siku moja kabla ya majaribio kwisha, mvua ilinyesha asubuhi. Niliisikia kwenye kidirisha chake, mabati yanapigwa mpaka sauti ya mtoto haisikiki. Alikuwa anaeleza jinsi ya kujumlisha sehemu mbili. Akafika katikati ya neno, akakoma. Macho yalikwenda upande mmoja, kichwa kikafuata. Halafu kiti kikabaki peke yake, na nyuma yake kalenda ya kanisa na karatasi yangu ya maagizo.

Nilishika simu kumpigia mama, nikakumbuka: simu iko mezani, ndani, na nikiipiga, mtandao wa pale utakatika, tutabaki gizani wote. Namba ya jirani sikuwa nayo, kwa sababu sikuwa nimeiomba. Akaunti yangu ilikuwa ya kutazama na kusikiliza tu, hainiruhusu kusema. Nikapiga kelele hata hivyo, peke yangu Tuwan, naiambia kompyuta, "Ingia ndani, mama! Ingia!"

Mwalimu wa hesabu alikuwa ameinuka. Alimwita mtoto mara moja. Kisha akausogeza mdomo mpaka ukajaza skrini.

"Mama! Mama, ingia ndani!"

Mvua iliimeza sauti yake. Akaita tena. Kijana huyu, ambaye langoni kwa mama mkwe hukohoa tu, alikuwa anamfokea kwa nguvu zake zote. Mara ya tatu mlango ukafunguka.

Mama aliingia ameloa, kichwa wazi, leso imemwanguka. Mvua ilikuwa imemkimbiza hadi chini ya paa la jikoni. Alimwona mtoto sakafuni. Halafu akamwona mkwe wake, uso mzima, mezani pake. Akasimama. Ilikuwa kama sekunde moja, pengine haikufika, lakini naijua ilivyo ndefu kwa sababu ni mimi niliyeitengeneza, kwa fomu yangu na hatua zangu mbili.

Kijana naye aliiona. Akakigeuza kiti, akakaa ametupa mgongo, watoto wote wa gredi ya saba wakabaki wanatazama shati lake la bluu.

"Mama, sikuangalii," akauambia ukuta. "Mlaze kwa ubavu. Mimi nitahesabu dakika."

Mama akapiga magoti, akatoweka chini ya meza. Nilisikia kiti kikiburutwa.

"Dakika moja," ukasema ule mgongo.

Hakuna mtoto aliyecheka. Hakuna aliyezima kamera. Mmoja alikuwa amefumba macho, midomo inatembea.

"Dakika mbili."

Niliomba, nikaahidi mambo ambayo mengine sijayatimiza hadi leo.

"Dakika tatu, Mama."

Mvua tu ikasikika. Na ndipo sauti ya mama ikatoka chini ya meza, sauti ambayo mkwe wake hakuwahi kusemeshwa nayo.

"Ametulia."

"Asante, Mama," akajibu. Hakugeuka.

Mchana huo niliwaandikia wakubwa wa shule ukweli wote: ukuta, kigoda, neno langu la "karibu". Nilijua naweza kupoteza kazi, na kilichonitisha zaidi ni kwamba nilikuwa nimewapa sababu ya kumwondoa mtoto. Walinikaripia, nami nilistahili. Juu ya mtoto wakasema wataamua kesho yake jioni, na atabaki tu iwapo mlezi ataonekana chumbani katika kila kipindi. Nilimpigia mama nikiwa sina la kumshauri. Ujanja wangu ulikuwa umekwisha, nikamwomba tu radhi, kwa lile cheko pia.

"Mwambie," akasema, maana yeye jina la mkwe halitamki, "mwambie akikaa vile alikaa leo, mimi naweza kuwa ndani. Kama hanioni, hayuko kwangu."

Nikamweleza kijana. Hakuuliza swali hata moja. Ijumaa asubuhi alikuwa ameuhamisha ubao wake, kamera ameiweka nyuma yake, na akafundisha kipindi kizima akiwa ametupa mgongo. Kwenye kidirisha cha Bungoma msichana alikuwa amekaa, jicho moja limevimba kidogo, na kando yake, ndani ya fremu, mama yake na ungo wa maharagwe. Jioni shule ikaandika kwamba mtoto abaki.

Hadi leo gredi ya saba wanalijua zaidi shati la mwalimu wao kuliko uso wake, na wageni huniuliza kama kamera imeharibika. Mimi bado chai yangu inapoa kila saa nne na dakika kumi; hofu ile haijaniacha, na sidhani nataka iniache. Kabla ya kuanza, mwalimu huuliza bila kugeuka, "Wote mko?" Watoto hujibu mmoja mmoja. Bungoma hujibu mwisho, "Tuko," na sauti huwa mbili.