Doris wa Shangani, Aliyekataa Kufunga Dawa

Alizaliwa Shangani, Mtwara mjini, mwaka 1986, mtoto wa kwanza wa mpakia mizigo wa bandarini na mwalimu Maria, akabatizwa Doris kabla hajatimiza mwezi. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na huenda lisimtangaze. Sisi tuliomjua hatungoji. Alikua akiimba kwaya, akaolewa na dereva wa lori, na ni huyo mumewe aliyemwonjesha unga, yaani heroini. Mume akafa, Doris akabaki kijiweni. Kwa miaka mingi aliitwa teja, akapigwa na mgambo, akaiba hata sufuria za mama yake. Hayo hatuyafichi. Watakatifu wasio na doa ni wale wa kuchongwa tu.

Wito ulimjia mwaka 2017, bila malaika. Mama yake, Maria, alimkuta nyuma ya soko, akamwambia, "Mwanangu, twende ukanywe dawa. Mie sikuachi." Tangu hapo Doris alifika kila asubuhi kwenye kituo cha tiba ya waraibu, akanywa mbele ya muuguzi kikombe chake cha methadoni, dawa ya kutuliza kiu ya unga. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikakoma, akarudi kuuza maandazi na kusali.

Hapo ndipo majaribu yalipoanza, na yalitoka kwa wenye rozari mkononi. Mzee Elisha, mwenyekiti wa jumuiya yao, bingwa wa sala ndefu, alitangaza Kwaresima ya 2019 kwamba anayekunywa methadoni bado analewa. Kama wengine wanavyofunga nyama, waraibu wafunge dawa hiyo mpaka Pasaka, la sivyo wasikaribie komunyo. Nani alimtuma? Si askofu, si padre, si daktari. Alijituma mwenyewe, na jumuiya nzima ikaitikia amina.

Josephu, fundi baiskeli aliyekuwa akinywa dawa pamoja na Doris, alitii. Doris alimsihi hadi sauti ikamkauka. "Dada, nami nataka kumtolea Mungu kitu," akajibu Josephu. Arosto ilimwangusha, akaurudia unga kwa kipimo cha zamani ambacho mwili wake haukukiweza tena, na Jumapili ya Matawi akakutwa amekufa. Jumuiya ikasema amekufa katika dhambi, haikwenda msibani. Waliochimba kaburi ni Jafari na nduguze, majirani Waislamu. Inauma kuandika haya, na iume.

Wiki iliyofuata Doris aliingia kwenye sala ya jumuiya, akasimama mbele ya mwenyekiti. "Shikamoo, mzee. Vile vidonge vyako vya presha, Kwaresima hii uliviacha?"

Mzee Elisha akakohoa, akasema presha ni ugonjwa.

"Na wangu ni ugonjwa. Komunyo naitaka kuliko chakula, lakini dawa siiachi. Mungu hakunitoa kaburini ili wewe unirudishe."

Kwa hilo walimnyima komunyo miaka minne, na padre wa wakati huo akawasikiliza wao. Kila Jumapili alikuja, akakaa benchi la nyuma, akawatazama wenzake wakipanga mstari. Wengine wangehama. Yeye alilia, akabaki. Mwaka 2023 padre mpya aliuliza ni nani aliyeweka sheria ile. Siku hiyohiyo akamkomunisha Doris.

Wanaotaka miujiza ya vipofu kuona watafute kwingine. Muujiza wetu ni kwamba Fredi, mtoto wa Mzee Elisha mwenyewe, alipozama kwenye unga, aliyempitia nyumbani kila asubuhi kumpeleka kituoni alikuwa Doris, na wala hakumsimanga baba yake hata kwa nusu neno. Fredi akapona, yu hai hadi leo.

Doris alifariki kwa homa ya mapafu mwaka 2024. Kwenye maziko Mzee Elisha alisimama amsifu marehemu. Fredi akamshika mkono. "Baba, anza na Josephu."

Mzee akasema, "Josephu nilimuua mimi."

Basi, ndugu waamini, anayetaka kumwiga Doris asihangaike kutafuta kanga yake aitunze kama masalia. Jirani yako akiogopa kwenda kituoni, mpeleke. Na mtu akikwambia dawa ya mgonjwa ni dhambi, hata kama ameshika Biblia, mwonyeshe kaburi la Josephu.