Siku Baba Mkwe Alipotoka Mahakamani

Sheria ninayoijua ni kidogo. Niliacha shule darasa la nne, na hayo machache niliyapata kwenye kesi moja tu, ya mume wangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nayaandika kwa ajili ya baba mkwe. Alituacha kabla miaka hiyo haijaisha, na sikuwahi kumshukuru kwa mdomo. Kwetu Wagusii mke wa kijana hasimami mbele ya baba mkwe akamwaga yaliyo moyoni.

Duka moja la Magwagwa lilivunjwa usiku. Mwenye duka alisema alimwona mwizi akikimbia, na kwa mgongo na koti akamtambua mume wangu, aliyekuwa akimpelekea ndizi za kuuza. Askari walikuja kwetu Sironga wakamkuta anachuma chai, wakaondoka naye. Nilikuwa na mtoto mchanga, na watu waliniambia kosa kama hilo ni kifungo cha miaka.

Baba mkwe aliamini mambo yatamalizwa kama yalivyomalizwa siku zote. Akaenda kwa mwenye duka kutoa ng'ombe. Hakumaanisha kwamba mwanawe ameiba. Alitaka amani tu. Alirudi jioni ameudhika.

"Duka ni lake, lakini anasema kesi si yake," alimwambia mama mkwe, nami nikisikia kutoka jikoni. "Eti ni ya Serikali, yeye ni shahidi tu. Sasa hiyo Serikali nitaipata nyumba gani niongee nayo?"

"Labda imeenda sokoni," mama mkwe akasema.

Ndivyo nilivyojua kwamba kesi si za aina moja. Tungegombania mpaka wa shamba na jirani, ingekuwa yetu sisi na yeye, na tungeweza kupatana. Wizi huhesabiwa kuwa kosa dhidi ya watu wote, kwa hiyo Serikali ndiyo hushtaki, na mwenye duka hawezi kuifuta kesi kwa kusamehe tu.

Hatukuwa na wakili. Siku ya kesi, pale Kisii mjini, karani aliyetafsiri Ekegusii aliniambia nikae nje, kwa kuwa shahidi hasikilizi wenzake kabla ya zamu yake, asije akashona maneno yake yafanane na yao. Aliniambia pia kwamba mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, lakini mume akimwita amtetee, anaruhusiwa. Huko ndani, mume wangu alinisimulia baadaye, hakimu alimweleza kwamba anaweza kula kiapo na kuulizwa maswali, au aseme bila kiapo, au anyamaze kabisa, na akinyamaza hiyo peke yake si hatia. Alichagua kiapo. Kisha akaniita mimi.

Niliapa kwa Biblia kusema ukweli wote. Nikasema mume wangu alikuwa nyumbani usiku ule. Inspekta wa polisi aliyeshtaki akasimama.

"Mama, ulijuaje hakutoka? Si ulikuwa umelala?"

Jibu nilikuwa nalo. Mtoto alikuwa na kikohozi, sikupata usingizi. Kitanda chetu kilikuwa kimoja, mume wangu analala upande wa ukuta na mimi upande wa nje na mtoto, na hawezi kushuka bila kunivuka. Lakini baba mkwe alikuwa ameketi benchi la pili na wazee wawili wa ukoo. Kuna kitu tunakiita ensoni, ile aibu ya heshima kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Mambo ya kitanda hayatajwi mbele yake, hata kwa mbali. Mdomo ulikataa.

"Mama, jibu," hakimu akasema. Alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake laini. "Ukinyamaza nitaandika kwamba umenyamaza."

Baba mkwe akasimama. "Bwana hakimu, mimi ndiye baba wa boma. Bibi yangu aliambiwa yote na huyu, akanieleza. Wacha niseme kwa niaba ya huyu."

"Mzee, hapa kila mtu husema alichokiona mwenyewe. Ulichoambiwa na mwingine sikipokei. Wewe usiku huo uliingia nyumba ya mwanao?"

"Mimi? Niingie kwa nyumba ya kijana yangu?"

Watu wakacheka, wengine wakaziba midomo. Hakimu akashangaa. Karani akainama akamweleza kwamba kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala ya kitanda hayasemwi mbele yake. Hakimu akatuangalia mimi na mzee.

"Mahakama iko wazi kwa kila mtu," akasema. "Sitamfukuza mzee aliyekaa kwa adabu. Lakini lazima yasemwe, na ayaseme huyu mama mwenyewe."

Baba mkwe alikuwa ametoka Sironga alfajiri ili asikie kama mwanawe atafungwa. Alichukua kofia yake, akapita bila kuniangalia, na wale wazee wakamfuata. Mlango ulipofungwa nilisema yote, ukuta, kitanda na kikohozi. Inspekta aliniuliza tena na tena. Sikubadilisha neno, kwa kuwa sikuwa na lingine.

Alasiri hakimu alisoma hukumu. Alisema si kazi ya mshtakiwa kuonyesha kwamba hakuiba; anayeshtaki ndiye mwenye kuonyesha kwamba aliiba, na shaka ikibaki, mshtakiwa huenda nyumbani. Mgongo na koti gizani havikumtosha, hasa baada ya kunisikia. Hakusema mume wangu ni mtu mwema, wala kwamba mwenye duka ni mwongo. Alisema aende.

Tulimkuta baba mkwe ng'ambo ya barabara, karibu na wauza viazi. Alimwona mwanawe hana pingu, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mtoto wa watu hajala tangu asubuhi," alimwambia mume wangu, akinielekezea kidevu. "Mtafutie chai."

Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na hakuwahi kuniuliza nilisema nini mle ndani.